Mkono wa Chini, Upande wa Mama

Nilipofika msibani Bigwa, Morogoro, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtukana marehemu. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi, nikauliza kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kama kweli Shomari amekufa au amejilaza tu kukwepa kazi, maana nimemjua miaka mingi na sijawahi kuona fundi mwenye ovaroli safi kama yake. Wanawake waliokuwa wamekaa mkekani waliinua nyuso. Wale wa umri wangu walianza kucheka machozi yakiwa bado mashavuni, na mmoja akasema, "Haya, mtani wake kafika," wakanipisha. Wasichana wa siku hizi, simu mapajani, walinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Niliomba hiyo ovaroli, nikaivaa juu ya gauni langu, nikaizunguka meza ya chai kama Shomari alivyokuwa akizunguka gari: mikono nyuma, shingo mbele, anapiga teke gurudumu, anaguna, anapiga teke jingine. Uzee huu na magoti haya, lakini nilimpata. Dada yake alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye nikiwa bado nimevaa ovaroli. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka Tabora kuja kuifanya.

Jioni, watu walipopungua, mjane wake aliniita ndani. Tulikuwa tumeonana mara chache tu, kwenye harusi yao na kwenye msiba wa mama mkwe wake. Aliniuliza kwa upole, "Wifi, hivi wewe na marehemu mlianzia wapi? Yeye alikuwa akisema tu, huyu Nyamizi ndiye aliyeninyang'anya gari siku ya Idd." Nikamwambia ni kweli, nilimnyang'anya. Nilimsimulia kidogo, kwa sababu mtu aliye kwenye eda anachoka upesi. Hapa nataka kusimulia yote.

Mwaka ule nilikuwa sijatimiza hata miaka ishirini na tano. Nilikuwa nimepata kazi ya kuchora michoro ya vipuri kwenye kiwanda kimoja mjini Morogoro, nikapanga chumba cha uani kwa Bi Mwanahawa, mama yake Shomari, nyumba ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda mlimani. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi tatu, dirisha la nondo lililotazama migomba na ukungu, na ukuta mwembamba uliokitenganisha na jiko la mama. Kupitia ukuta huo nilijifunza karibu kila kitu nilichokijua kuhusu mji ule: nani kaachwa, nani anapika kwa mafuta ya kuazima, na kwamba magimbi ya mlimani hayachemshwi kwa haraka. Siku ya kwanza, nikiwa nimejilaza nasikiliza, nilimsikia kijana akiingia na kuuliza mpangaji mpya anaitwa nani. "Nyamizi," mama akasema. Kijana akadakia, "Mnyamwezi? Mama, hesabu kuku kabla hujalala." Nikajibu huko huko kitandani, "Kuku wenyewe wamekonda kwa kupanda milima, nani anawataka?" Nilisikia mwiko ukianguka na mama akicheka kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi. Usiku ule nilikula nao, magimbi ya nazi na mchicha, na sikuwahi tena kula peke yangu katika nyumba ile.

Kwa wasomaji waliokulia penye utani uliopoa, niseme hivi: Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Neno lake haliwekwi moyoni. Akichukua kitu chako mbele za watu, haitwi mwizi, ila inakubidi ukikomboe, na bei anapanga yeye. Shomari alichukua ndala zangu wiki ya kwanza, nikazikomboa kwa soda. Nilichukua kofia yake ya Ijumaa, akaikomboa kwa kunichotea maji wiki nzima huku majirani wakimpigia vigelegele. Aliniita Mla Michembe kwa sababu ya viazi vikavu nilivyotumiwa kutoka kwetu, na kila jioni alikuja kuniomba vichache, "nionje hilo janga." Nilimpenda? Watu wameniuliza sana. Nilimpenda, tena sana, ila si kwa namna wanayoulizia. Nilifurahi kila niliposikia hatua zake uani, na nilijua kabisa kwamba jambo la kwanza atakalosema ni la kuniudhi.

Shomari alikuwa fundi wa magari katika gereji moja mjini, na nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, alikuwa akiunda gari lake mwenyewe. Si kulifufua bovu; kuliunda. Gari la spoti la viti viwili, la chini, lisilo na paa, alilokuwa ameliona kwenye kalenda ndani ya duka la vipuri la Mhindi mmoja, akaingoja kalenda ile mpaka mwaka ukaisha ndipo akaiomba. Injini na ekseli ya nyuma vilitoka kwenye gari dogo lililopata ajali. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba. Ukimwuliza kwa nini viti viwili tu, angekujibu mbele ya yeyote: kimoja cha dereva na kimoja cha mama. Bi Mwanahawa alikuwa ameshuka mlima miaka mingi na ndizi na mboga kichwani, na alipopata lifti ya lori alipanda juu ya magunia. "Mbele anakaa dereva na kimada wake," alikuwa akisema, bila uchungu, kama mtu anayeeleza utaratibu wa posta. Shomari alikuwa amemwapia kwamba safari yake ya kwanza ya mbele itakuwa ndani ya gari hili, siku ya Idd, kwenda Mikese kwa mdogo wake, kwenye barabara kuu mchana kweupe, watu wote wa vibanda vya njiani wakimwona.

Mimi niliingia kwenye gari hilo kupitia magurudumu ya mbele. Shomari hakutaka ekseli nzima mbele kama ya trekta. Alitaka kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Kwa hiyo kila gurudumu lilihitaji mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Mafundi huiita wishiboni. Kila mkono una umbo la panda ya manati: zile ncha mbili zinafungwa kwenye fremu na zinacheza juu chini, na ile ncha moja inashika gurudumu. Kazi yangu ilikuwa kujua urefu wake. Nilikata mikono hiyo kwa boksi la sabuni, nikaibana kwa misumari midogo kwenye mlango wa stoo ya mama, pamoja na gurudumu la boksi, nikawa nalipandisha na kulishusha kuona linavyoinama. Mikono ikilingana, gari likilala kwenye kona na gurudumu linalala nalo. Wa juu ukiwa mfupi kidogo, gurudumu linasimama wima linapohitajika. Shomari alilala kifudifudi sakafuni, jicho moja kafumba, akisema, "Fupisha. Fupisha tena. Aa, umekata kama unakata sambusa." Tulibishana juu ya kila kipimo. Mama akihitaji mkaa alisukuma mlango ule na gurudumu letu likapanda lenyewe. "Nipisheni, napita garini," alisema, na tuliporudi kutazama, msumari mmoja ulikuwa umeng'oka na tukaanza upya.

Nilipopata vipimo nilivichora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kwa ukubwa wake halisi, naye Shomari akawa anakata mabomba na kuyalaza juu ya mistari yangu. Pale kwenye ncha inayoshika gurudumu nilichora bamba la chuma laini, chuma cha kawaida kinachokubali kuchomelewa na kikizidiwa kinapinda kabla ya kukatika. Mikono mitatu aliitengeneza hivyo hivyo. Wa nne, wa chini upande wa kushoto, aliumaliza siku niliyokuwa kazini. Niliporudi niliukuta juu ya meza, haujapakwa rangi, na bamba lake lilikuwa nene kuliko nililochora, lenye rangi ya bluu na weusi pembeni.

"Hili bamba si langu," nikasema.

"Lako lilikuwa laini kama andazi. Hili ni springi ya lori. Nilipata kipande kimoja tu, nikasema kiende upande wa mama."

"Na huu weusi?"

"Nimelipasha likawa jekundu, nikalikunja, nikalichomelea, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji. Ndivyo mjomba anavyofanya mapanga yake kule Kinole. Umewahi kuona panga la mjomba limepinda?"

"Panga halimbebi mama yako."

"Mla Michembe, nenda kaoshe sufuria."

Nimelifikiria kosa lile kwa miaka, na bado sijaweza kulichukia. Mtu mwingine angekosea kwa uvivu au kwa ubahili. Shomari alichukua chuma kigumu kuliko vyote alivyovijua, akakipa ugumu zaidi kwa namna ukoo wao ulivyozoea kuupa, na akakiweka mahali pamoja tu katika gari zima, chini ya mtu aliyempenda kuliko wote. Lakini chuma cha springi kikichomelewa na kutumbukizwa majini kikiwa cha moto kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama sahani ya kaure. Panga linavumilia kwa sababu linakata majani na kazi yake inaishia hapo. Mkono wa gari unapokea kila shimo la barabara.

Siku iliyofuata niliufanyia kile nilichofundishwa chuoni. Niliupaka mafuta ya taa pale penye kiungo, nikangoja chai ichemke, nikaufuta ukauka kabisa, kisha nikausugulia unga wa chaki. Baada ya muda, katikati ya weupe ule, ulitokea mstari mwembamba wa unyevu, ukitoka ukingoni mwa bamba na kwenda ndani. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye ufa na sasa yalikuwa yanatoka. Nilimwita Shomari. Aliinama, akautazama, akanitazama, kisha akaachia kicheko. "Umechora vizuri. Si ndiyo kazi yako?" Akapitisha kidole gumba, na mstari ukafutika pamoja na chaki. "Mama, njoo uone ufa wa Kinyamwezi! Ukiugusa unakimbia."

Hapo ndipo nilipotambua nimenaswa. Kwa miezi nilikuwa nimelitukana gari lile kila siku. Nilikuwa nimeliita kitanda cha wagonjwa, nimesema litamfikisha Mikese likiwa limebaki usukani. Sasa nilikuwa na neno la kweli na sikuwa na sauti nyingine ya kulisemea. Nilijaribu heshima. Nilimfuata gerejini, nikasimama mbele yake na kusema, "Ndugu Shomari, naomba nikuambie jambo kwa heshima zote." Alidondosha spana, akawaita wenzake waje wasikilize Mnyamwezi anavyohutubia, na kwa siku kadhaa kila nikipita pale mafundi waliniamkia, "Ndugu, kwa heshima zote!" Nilijaribu kununa. Alisema naumwa meno. Mkono ule ukapakwa rangi nyeusi, ukafungwa, na tulioufunga ni mimi na yeye, yeye akipiga mluzi, mimi nikikaza bolti ambazo nilitamani zisikaze.

Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya viazi, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia akimwuliza mwanawe, "Na kama anasema kweli?"

"Mama, huyo ni mtani. Akikuambia jua limechomoza, toka nje kwanza."

"Nimemwona macho yake."

"Macho yake yamezoea kuomba kuku. Mama, nimetumia chuma bora kuliko vyote. Kwa ajili yako."

Nikasikia mama akifunika sufuria. Mtoto wake alikuwa amesema kwa ajili yako. Nililala nikitazama dari, nikiona lori la kontena, shimo, na gurudumu la kushoto likilala ubavu, na nilimwogopea mama yule kama aliyenizaa.

Asubuhi ya Idd, Shomari alitoka mapema kwenda kuswali, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Jiko lilinukia pilau. Mara tu alipopotea kwenye kona nilichukua jeki na spana, nikaenda chini ya mabati. Nilitoa gurudumu la mbele la kushoto, nikafungua shokapu, nikafungua zile bolti ndefu, na ncha ya mwisho ilipogoma niliibembeleza kwa nyundo mpaka ikaachia. Kazi haikunishinda kwa sababu niliyefunga ni mimi. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, ananitazama. Alirudi ndani, akatoka na kanga, akanitupia. Niliufunga ule mkono ndani ya kanga, nikakaa juu yake barazani, nikangoja.

Shomari alirudi na kundi: majirani, wenzake wa gerejini, watoto wenye nguo mpya, wote wamekuja kumwona Bi Mwanahawa akipanda mbele. Mama naye alikuwa amejitanda, viatu vipya miguuni, sinia la pilau la kumpelekea mdogo wake limefunikwa kwa kitambaa. Shomari aliliona gari limepiga magoti kwenye jeki. Kisha akaniona mimi.

"Nimeuchukua," nikasema kwa sauti. "Ni wangu. Ukiutaka, ukomboe."

Watu walishangilia. Utani siku ya Idd, tena mbele ya gari jipya; walidhani tumepanga. Na Shomari, hata kama moyoni aliungua, hakuweza kukunja uso. Alicheka, akajigusa mfuko wa kanzu. "Haya, sema. Kuku? Soda? Au nikuletee gunia la michembe?"

"Nyundo," nikasema. "Uufunge kwenye jiliwa, uupige mara moja, wewe mwenyewe, kwa nguvu zako zote. Ukibaki mzima, namfungia mama gurudumu sasa hivi na nakufulia ovaroli mpaka nife."

Vigelegele viliongezeka. Fundi mmoja alikuwa ameshaleta nyundo kubwa. Shomari alikunja mikono ya kanzu, akaubana mkono ule kati ya meno ya chuma ya jiliwa, akajipinda kama anayecheza ngoma ili watu wacheke, akapiga. Sauti haikuwa ya chuma kupigwa. Ilikuwa ya kitu kilichovunjika, fupi na kavu, na kipande cha bamba kiliruka kikagonga bati. Shomari alikiokota. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa nyeusi, ufa uliotokana na moto na maji ya siku ile ya ndoo, na ukingoni palikuwa pamebaki ukanda mwembamba unaong'aa. Huo ukanda ndio uliokuwa umebaki ukishika.

Hakunitazama. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama na sinia lake, na viatu vyake. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kanzu ile nyeupe, kipande mkononi. Hakuna aliyecheka. Alisema, bila kuinua macho, "Ahsante, dada." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Pilau tuliila pale pale nyumbani, mimi na mama na majirani wachache, na mtu mmoja akatumwa Mikese kumwambia mdogo wake asingoje.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Shomari alikuwa mpole. Aliniamkia asubuhi, aliniuliza nimelalaje, aliniwekea maji ya kuoga. Michembe yangu hakuigusa. Tulianza mkono mpya, na safari hii tulifuata mchoro: bamba laini, na kila alipomaliza kuchomelea aliuzika kwenye majivu ya jiko la mama upoe taratibu mpaka kesho yake. Tulitoboa mashimo kwenye ubao mnene, tukafunga vipande vyote humo kwa bolti kabla ya moto, ili joto lisivivute. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya, na ilinisononesha. Nilimwambia masikio yake yamekaa kama vikombe vya chai, akajibu, "Kweli, dada." Siku nyingine, makusudi kabisa, nilimchorea mkono ule wa chini mfupi kuliko wa juu, kosa ambalo zamani angelicheka mwezi mzima. Aliutazama mchoro. "Sawa, dada," akasema, na akachukua msumeno. Nilifuta ile chaki kwa mguu wangu, nikaingia chumbani, nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimemwokoa mama yake na nimempoteza yeye.

Mama aliona yote. Jioni moja, tukiwa tunakula wali na maharage, Shomari alimwambia kwa sauti ya chini kwamba gari li tayari, na kwamba yeye na dada Nyamizi wamekagua kila kiungo. Mama aliendelea kula.

"Silipandi," akasema.

"Mama, safari hii ni zima. Muulize."

"Najua ni zima. Lakini wewe unamwogopa huyu, na huyu anakuonea huruma. Kesho ukikosea atakuambia vipi? Na yeye akikosea utathubutu kumcheka? Gari la watu wanaostahiana hivyo mimi silipandi. Siku nikiwasikia mnatukanana tena, nitapanda."

Shomari alitafuna pole pole, akanigeukia. Nilimwona anajitahidi, jasho linamtoka kwenye paji. "Nyamizi," akasema, "wewe ni... mfupi."

"Hilo hata fundi cherehani wake anamwambia," mama akasema, na akamwongezea maharage.

Alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Matusi yake yalikuwa kama salamu za rambirambi. Mama aliyasikiliza kutoka jikoni na kutikisa kichwa. Mwisho Shomari alisema basi, hata hivyo gari lazima lijaribiwe barabarani, na akaniomba, "tafadhali, dada," nikae kiti cha kushoto. Nilikaa. Kiti kilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba ningeweza kuokota kokoto. Tulishuka taratibu kutoka Bigwa mpaka tukaikuta barabara kuu, tukaelekea Mikese, milima nyuma yetu, malori yakitupita kwa juu kama nyumba zinazohama. Shomari alitazama gurudumu la kushoto kuliko alivyotazama njia. Nami nilitazama: lilipanda, lilishuka, lilisimama wima kwenye kona kama lile la boksi. Tulikuwa watu wawili wenye adabu ndani ya gari zuri, na sijawahi kuwa na safari ya huzuni kama ile.

Karibu na vibanda vya Mikese kulikuwa na tuta lisilopakwa rangi. Hakuliona. Tulilipanda kwa kasi, gari lote likaruka, na wakati tuko hewani nilikikumbatia kiti kwa mikono miwili na miguu, nikamwita bibi yangu aliyekwisha kufa kwa jina lake la utotoni. Kisha tukatua. Mikono ilipokea, springi zikabonyea, zikainuka, gari likanyooka, likaendelea kama lililokanyaga ganda la chungwa. Wauza mahindi walipiga makofi. Shomari alipunguza mwendo akaegesha pembeni. Aligeuka kunitazama, nikiwa bado nimekumbatia kiti, macho nimefumba, na nikasikia kitu kinaanza kunguruma kifuani mwake.

"Sasa ndiyo nimejua," akasema, "kwa nini babu zenu walitoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu. Waliogopa kukaa."

Nilifumbua macho. Sidhani kama nimewahi kusikia maneno matamu zaidi, na harusi yangu mwenyewe naihesabu. Nilimjibu kuhusu pua yake na ukoo wake wote, kwa kirefu, naye akanijibu, na tukageuza gari tukarudi tukipayuka juu ya kelele za injini, machozi yananitoka kwa upepo na si kwa upepo tu. Alisema mikono ile imedumu kwa sababu aliichomelea yeye. Nilisema imedumu kwa sababu safari hii alikumbuka kutumia kichwa. Tuliingia uani tukiwa bado tunagombana nani ashuke afunge geti.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuuliza gari limekwendaje. Aliinamisha kichwa upande, akatusikiliza kwa makini, kama anayeonja chumvi. Kisha akaweka ungo chini, akajipangusa pumba mikononi, akasema, "Nisubirini nivae viatu."